Kaseti, Bluetooth na Simu ya Hooyo

Mwaka jana nilikuwa natoka Nairobi kwenda Garissa na abti, kaka ya mama, kwenye Toyota yake iliyotoka Japani. Tulipopita Mwingi akaniambia niunganishe simu yangu na redio ya gari, yake ilikuwa imezima. Nikawasha Bluetooth, skrini ikaleta maandishi ya Kijapani, nikabonyeza kwa kubahatisha, ikakubali. Tukapiga muziki hadi Ukasi. Hapo hooyo akapiga simu. Kabla sijaishika, abti alishabonyeza kitufe kwenye usukani, na sauti ya mama ikajaa gari zima: "Hooyo, umemwambia abti yako kwamba uliacha chuo?"

Abti ndiye alikuwa akinilipia karo.

Kabla nikuambie alijibu nini, wacha nikupe historia kidogo, kwa sababu jibu lake lilitoka huko.

Kwetu kaskazini mashariki, habari zilizoea kufika kwa masikio. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza 1957. Hati rasmi ya Kisomali ilitangazwa Mogadishu 1972, lakini huku Kenya shule zilifundisha Kiingereza na Kiswahili. Kwa hiyo mtu akitaka kumwandikia mama yake, alinunua kaseti tupu, akaongea. Kaseti yenyewe ilizinduliwa na Philips 1963, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru na mkoa wetu kuwekwa chini ya sheria za hali ya hatari, zilizodumu mpaka 1991. Mtu hakuweza kusafiri ovyo, ila kaseti iliingia mfukoni mwa dereva wa lori.

Halafu yakaja magari ya Japani. Wao huendesha upande wa kushoto kama sisi, na Kenya hairuhusu gari kuingizwa likiwa limepita miaka 8, kwa hiyo tunapokea redio ambazo Wajapani wamezichoka juzi tu. Shida ni masafa. Kwa miaka mingi FM ya Japani ilikuwa kati ya 76 na 90, yetu ni 87.5 hadi 108. Tunakutana kwenye kipande kidogo tu, 87.5 hadi 90. Ndiyo maana gari jipya mjini lilikuwa linashika stesheni moja mbili, mengine kelele, mpaka fundi aweke ekspanda ya kushusha masafa.

Wengine hawakungoja fundi. Walinunua kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, kinachogeuza simu kuwa stesheni ndogo ya FM. Hata hapo ulipaswa kukiweka chini ya 90, la sivyo redio ya Kijapani haikisikii. Wenye magari ya zamani walitumia kaseti bandia yenye waya: unaisukuma ndani ya deki, waya unaingia kwenye simu.

Bluetooth ikamaliza hizo hesabu. Ilianzia Ericsson, Sweden, 1994, na jina lake ni la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyeunganisha watu wake. Lakini kuna kitu nilijifunza nikiwa nimechelewa: simu ikishikana na gari, zinafunguka njia mbili, moja ya muziki na nyingine ya simu zinazopigwa. Ukiingia kwenye mipangilio ya Bluetooth na kugusa jina la gari, simu nyingi zitakuonyesha zote mbili. Zima ya pili, ubaki na muziki.

Sasa turudi barabarani. Abti aliendesha kimya mpaka Bangale. Akasimamisha gari kando ya duka, akanunua maji, akanipa chupa moja.

"Abti," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, "nikiwa utingo wa lori la Wajir, tulibeba kaseti za watu. Safari ni ndefu, deki iko pale. Tulizisikiliza, Mungu atusamehe. Nilijua nani ameoa mke wa pili kabla mke wa kwanza ajue."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Kuna kaseti moja kijana alikuwa anamwambia baba yake kwamba ng'ombe wameisha. Mzee alipoisikia, mji mzima ulikuwa unajua. Hicho ndicho kilimuuma. Ng'ombe hakuwataja tena."

Akaniuliza pesa za muhula wa mwisho zilienda wapi. Nikamwambia kodi ya nyumba, na chakula. Nikamwambia naandika, nalipwa kidogo, siku nyingine silipwi. Akasema karo ile ni deni na nitailipa, hata kama ni mia mia.

Tulipokaribia Madogo akanyoosha kidole kwenye skrini.

"Toa simu yako hapo kwanza. Halafu nipigie dada yangu. Bila spika."