Keki Nusu Nyeusi: Flashi Haina Kosa, Muulize Lenzi na Shata

Kuna bwana harusi mmoja hapa mjini, jina kapuni, amepokea picha zake za ukumbini akabaki ameduwaa. Muda wa kukata keki, kila picha ina mkanda mweusi chini. Sura zinaonekana, keki haipo. Kameramani anasema flashi ilikuwa mbovu, jamaa amegoma kumalizia hela.

Nikaomba mafaili niyaangalie. Spidi: 1/500. Hapo hapo nikajua flashi haina kosa.

Ishu hii ni ya zamani. Kamera nyingi tunazotumia zina shata ya mapazia mawili, yanapita mbele ya sensa, au mbele ya filamu enzi hizo. Spidi ikiwa kubwa, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua. Flashi ya umeme, ile Harold Edgerton aliyoifanyia kazi kule MIT miaka ya 1930, inawaka kwa muda mfupi mno. Inakuta pazia limeshafunika kipande, na kipande hicho kinabaki giza.

Hasselblad walipitia njia zote mbili. Mwaka 1948 walitoa 1600F, yenye shata ya mapazia ndani ya kamera. Ilikuwa na spidi ya kutisha, 1/1600, ila ilisumbua kwa kuharibika. Mwaka 1957 wakaja na 500C, shata wakaihamishia ndani ya lenzi yenyewe. Visahani vyake vinafunguka kutoka katikati, kwa hiyo flashi inakubali spidi zote mpaka 1/500. Wapiga picha za studio na harusi waliipenda sana. Gharama yake sasa: kila lenzi unayonunua inabeba shata yake. Mfuko lazima uwe umeshiba.

Wengine walibaki na mapazia na kupambana nayo. Nikon F ya 1959 ilikubali flashi mpaka 1/60 tu. FM2 ya 1982 ikafika 1/200, na muda si mrefu 1/250. Mwaka 1992 Nikon F90 ikaja na lenzi za D, ambazo zinaiambia kamera mhusika yuko umbali gani ili flashi ipimiwe mwanga. Ndiyo maana ukifunga lenzi ya kizamani ya mtumba, flashi itawaka kama kawa, ila taarifa hiyo hawaipati.

Turudi kwa kameramani wetu. Picha za bustanini alipiga juani bila flashi, safi kabisa. Akaingia ukumbini na spidi ile ile, flashi yake ni ile ya bei poa ambayo haiongei na kamera, kwa hiyo hakuna kilichomzuia. Angeshusha mpaka 1/160, yameisha.

Nimemwonyesha namba, amekubali kupunguza bei. Bibi harusi yeye hataki punguzo, anataka keki yake.