Mgawanyo wa Sauti katika Motokaa

Msomaji, ukivuka kivuko cha Likoni na kushika barabara iendayo Ukunda na Msambweni, yamkini utaisikia matatu kabla hujaiona. Kwanza hukufikia mdundo mzito. Kisha, gari likaribiapo, ndipo maneno ya mwimbaji hutambulikana. Sauti hizo hazitoki katika kinywa kimoja. Zimegawanywa, na mgawanyo huo una historia yake.

Wazee wa pwani waliujua kabla ya umeme. Katika ngoma zao vumi hupewa sauti nzito na chapuo sauti nyembamba. Hapana mpigaji ambaye angeitaka ngoma moja ifanye kazi zote mbili. Lakini spika za umeme za awali zilitakiwa kufanya hivyo hasa. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa Marekani, walieleza spika ya namna itumikayo hata leo: koili ya waya mbele ya sumaku, iliyoshikamana na karatasi ya umbo la faneli. Umeme wa muziki upitapo katika koili, karatasi hutetemeka, na hewa hutetemeka pamoja nayo. Taabu ni kwamba karatasi pana ni nzito mno kwa mitetemo ya haraka, na ndogo haiwezi kusukuma hewa itoshayo sauti nzito. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1930, Douglas Shearer wa kampuni ya MGM na wenzake waliyatengenezea majumba ya sinema spika za namna mbili, na kifaa cha kuigawa sauti kati yake. Kifaa hicho ndicho mafundi wetu wakiitacho krosova.

Motokaa ilichelewa kuupata ustaarabu huo. Redio ya Motorola, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1930, ilitosheka na spika moja. Huku kwetu matatu zilipata nguvu mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu zichukue abiria bila leseni ya magari ya abiria. Ushindani ukazidi, na muziki ukawa chambo.

Basi fundi akiombwa leo kutia spika mpya, la kwanza si ukubwa wake. Atazame omu. Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba huwa omu 2, na kikuza sauti kisichoweza mzigo huo huchemka hata kikafa. Kisha atazame mgawanyo. Kapasita ya maikrofaradi 10, ikitangulia twita ya omu 4, huanza kuzuia mitetemo iliyo chini ya 4,000 hivi kwa sekunde. Kitu hiki kidogo, kisichozidi kidole, ndicho kiiponyacho twita. Bila yake mdundo mzito huiunguza koili yake nyembamba, na mwenye gari hulaumu duka. Koili ya waya hufanya kinyume: huipitishia wufa sauti nzito na kuizuia nyembamba.

Nyaya nazo zina adabu zake. Ncha ya kujumlisha ya spika moja ikiungwa mahali pa kutoa, karatasi moja huenda mbele ilhali nyingine yarudi nyuma, na mdundo hufifia. Wengi huongeza sauti, ilhali dawa ilikuwa kugeuza waya. Na fyuzi ikae karibu na betri, kwa maana waya uliochubuka chini ya zulia waweza kuwasha gari zima.

Kenya iliweka kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2009, lakini sikio halingoji askari. Wataalamu wengi huhesabu desibeli 85 kuwa mpaka wa saa 8 za kazi, na kila zikiongezeka 3 muda hupungua kwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Abiria wa Diani hushuka Ukunda akaenda zake. Utingo huigeukia Likoni tena, na spika i nyuma ya kisogo chake.