Moto wa Mlimani, Maji ya Bondeni

(Muziki wa kufungua, sekunde kumi. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI:  

Leo tunazungumzia moto unaowashwa nje: moto wa kuchoma nyasi, wa kusafisha shamba, na ule wa kuota usiku. Wengi wenu mliingia Uganda kupitia Mpondwe, karibu na Bwera, kabla ya kupelekwa Rwamwanja, Kyaka II au kwingineko. Huenda mlipofika mliambiwa kwamba hapa mtu hachomi nyasi ovyo. Lakini je, mliambiwa kwa nini? Sheria ambayo mtu hajui sababu yake, huifuata pale tu anapoonekana. Basi leo tutafute sababu hiyo, na tutaitafuta Kasese.

Tuanze zamani kidogo. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu. Mpaka umewakuta tayari wakielewana kwa lugha. Wote wanaijua Kyaghanda, mahali pa wazee kukutania, moto ukiwaka katikati. Hapo kesi zilisikilizwa na vijana wakafundishwa. Kwa hiyo moto wa nje si jambo geni wala la aibu. Ulikuwa na mahali pake, na ulikuwa na watu wa kuutazama.

Huko chini kwenye tambarare, karibu na Ziwa George na Ziwa Edward, Wasongora walifuga ng'ombe. Mfugaji alichoma nyasi kavu ili mvua ikija zichipue mpya, na kupe wapungue. Kwake moto ulikuwa chombo cha kazi, kama jembe kwa mkulima.

(Muziki mfupi.)

Kisha mambo yakabadilika. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliua watu wengi Uganda, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka maeneo yenye mbung'o, pamoja na sehemu za kando ya maziwa haya. Ardhi iliyobaki bila watu ikajaa wanyama. Mwaka 1952 ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kazinga. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Uingereza alitembelea Uganda, na hifadhi ikapewa jina lake.

Tangu hapo, mfugaji aliyewasha nyasi ndani ya mpaka wa hifadhi alikuwa mkosaji. Lakini wasimamizi wa hifadhi wenyewe waliendelea kuchoma nyasi kwa mpango, ili wanyama wapate malisho mapya. Nyasi ni zile zile, kiberiti ni kile kile. Mmoja aliitwa mharibifu, mwingine aliitwa mtaalamu. Tusishangae basi kwamba wazee wengi waliiona sheria ya moto kuwa njia nyingine ya kuwanyang'anya ardhi. Baadhi ya Wasongora walivuka na mifugo yao hadi upande wa Kongo, ndani ya Hifadhi ya Virunga, na mwaka 2006 wakafukuzwa huko na kurudi Kasese bila mahali pa kukaa. Wewe unayejua maana ya kuhama na kuhamishwa tena, unawaelewa.

Baada ya uhuru sheria hazikulegea. Mwaka 1974, wakati wa utawala wa Idi Amin, ilitolewa amri ya kukataza kuchoma nyasi nchi nzima bila idhini. Amri hiyo ilibaki katika vitabu vya sheria. Mwaka 1991 milima ya Rwenzori nayo ikawa hifadhi ya taifa. Sheria ya misitu ya mwaka 2003 ikasema kwamba mtu asiwashe moto msituni isipokuwa mahali palipotengwa, au kwa ruhusa ya mwenye msitu. Na chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997, wilaya na kata zinaweza kujitungia kanuni zao. Ndiyo maana kanuni za kijiji kimoja zinaweza kutofautiana na za kijiji jirani.

(Sauti ya mto. Inashuka.)

Sasa tupande mlimani. Mwaka 1906 mwanamfalme kutoka Italia, Luigi Amedeo, aliyeitwa Duke wa Abruzzi, alipanda Rwenzori hadi kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109. Wapagazi Wakonzo walimbebea mizigo. Kambi yake kubwa ilikuwa Bujongolo, chini ya mwamba mkubwa. Katika baridi ile mtu alijikinga kwa mwamba na kwa moto wa kuni. Kwa miaka mingi wapanda mlima walifanya hivyo hivyo.

Lakini huko juu mimea hukua polepole sana. Ardhi imefunikwa na majani laini yanayonyonya maji kama sifongo, kisha kuyaachia kidogo kidogo. Kiangazi kikikaza, hata hayo hukauka.

Februari 2012 moto uliwaka juu ya Rwenzori na kuteketeza eneo kubwa la vichaka na majani hayo. Bondeni watu waliona moshi. Baada ya hapo maisha yakaendelea.

Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ilinyesha mlimani. Mto Nyamwamba ulishuka na mawe, matope na miti. Ulipiga Kilembe, ukaingia hospitali, ukafika hadi mji wa Kasese. Maelfu ya watu walikosa makazi. Waliochunguza mafuriko yale walitaja mvua nyingi, na pia kulima kando ya mto. Lakini walitaja vilevile mlima ulioungua mwaka uliotangulia: sifongo ilikuwa imeteketea, na maji hayakuwa na cha kuyashika.

Mei 2020 mito ilifurika tena: Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani, na Lhubiriha, ule unaotenganisha Mpondwe na Kasindi. Safari hii Hospitali ya Kilembe iliharibiwa vibaya. Baadhi ya familia zilizopoteza nyumba ziliishi miaka katika kambi ya Muhokya, chini ya maturubai. Ndiyo, wenyeji wa Kasese, raia wa nchi hii, nao wameishi kambini.

Hapo ndipo sababu ilipo. Moto hauna adabu ya kumlipisha aliyeuwasha. Unawashwa juu, na anayelipa yuko chini. Unawashwa leo, na deni linadaiwa baada ya mwaka. Sheria za moto ziliwahi kutumiwa kuwaonea wanyonge, na historia hiyo tusiifiche. Lakini ndani yake kuna haki ya jirani ambaye humjui.

Kwako wewe, kambini hakuna Rwenzori. Lakini nyasi unazochoma zinapakana na shamba la mwenyeji, na upepo wa kiangazi haujui mpaka wa kiwanja. Muhogo wake ukiungua, hasara haiishii kwake. Kesho ndugu yako atakapokwenda kuomba ardhi ya kulima au kuokota kuni, ataulizwa juu ya moto ule.

Kwa hiyo kabla ya kuchoma, muulize mwenyekiti wa kijiji au kiongozi wa baraza la wakimbizi: inaruhusiwa hapa, na lini? Mabaki ya shamba yanaweza kuoza na kuwa mbolea bila kuchomwa. Ukiota moto usiku, usiuache ukiwaka ukaenda kulala. Mwagia maji, koroga majivu, kisha gusa kwa mgongo wa mkono. Kama bado kuna joto, moto bado upo.

(Muziki wa kufunga unapanda.)

Maswali ya kikundi: Kule mlikotoka, nani alitoa ruhusa ya kuchoma nyasi? Moto ukivuka mpaka, nani alilipa, na ugomvi ulimalizwaje? Waachieni wazee waanze kujibu. Tukutane kipindi kijacho.