Fedha, Safari na Kukaa

Kabla ya Walutheri kufika, ufuko wetu ulikwisha kupokea fedha na watu. Mwaka 1875 mtu asiyejitaja jina aliipa CMS, misheni ya Waanglikana, pauni 5,000 ifungue kazi Uganda, ng'ambo ya ziwa. Watumishi wake wawili waliuawa Ukerewe mwaka 1877. Mhandisi Alexander Mackay, aliyeondoka kwao mwaka 1876, hakurudi tena. Alijifunza lugha, akachapa Maandiko, akafa Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1890.

Fedha ilifungua njia. Kukaa kulizaa matunda. Mgeni wa wiki mbili hawezi kuyatenda ya Mackay, na nauli yake yaweza kuwalipa mafundi wetu siku nyingi. Basi na aje kusali na kujifunza nasi. Ujenzi autegemeze kwa sadaka.