Kumi na Moja kwa Kumi na Moja

Mwanasiasa akihama chama, vijiwe vya huku Mkange vina hukumu fupi tu: njaa. Neno hilo lilivuma sana mwaka 2017 na 2018, wabunge na madiwani wa upinzani walipokuwa wakiingia CCM mmoja baada ya mwingine, eti wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Sikatai, njaa ipo. Ila kuna kuhama kwingine kunakoanzia kwenye ugomvi wa nani aungane na nani, na huko neno njaa halitusaidii kuelewa kitu. Mfano mzuri tunao hapo ng'ambo tu ya bahari. Toka Saadani uvuke hadi visiwani, kisha urudi nyuma mpaka Januari 1961.

Huku Bara mwaka 1960 hesabu ilikuwa nyepesi: TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Chama chenye viti 70 hakimbembelezi mtu. Zanzibar mambo yalikuwa tofauti kabisa. Afro-Shirazi Party ya Karume, iliyozaliwa 1957 kwa kuunganisha Jumuiya ya Waafrika na ya Washirazi, ilipasuka mwaka 1959. Mohamed Shamte, Ameri Tajo na Ali Sharif Mussa walitoka wakaunda chama chao, ZPPP, kilichotegemea zaidi kura za Washirazi, hasa wa Pemba. Kwa hiyo uchaguzi ulipofika vyama vilikuwa vitatu: ASP, ZNP iliyojulikana kwa jina la Hizbu, na hawa wa katikati.

Viti vilikuwa 22. ASP ikapata 10, na kimoja kati ya hivyo, cha Chake Chake, kilipatikana kwa kura moja tu. Hizbu ikapata 9. ZPPP ikapata 3, vyote Pemba. Kuunda serikali kulihitaji viti 12. Basi wale watatu wakawa ndio wenye funguo, wakabembelezwa kutoka pande zote mbili.

Wakashindwa kukubaliana. Shamte na mwenzake mmoja wakaenda na Hizbu. Ali Sharif akakataa muungano huo, akarudi ASP, chama alichokuwa amekihama hata miaka miwili haijapita. Piga hesabu mwenyewe: 11 kwa 11. Hakuna serikali. Waingereza wakaweka serikali ya muda, wakaongeza kiti cha 23, watu wakaambiwa warudi kupiga kura Juni.

Sasa, Ali Sharif alikuwa msaliti? Inategemea unamuuliza nani. Kwa wenzake wa ZPPP alikivunja chama. Kwa ASP alirudi nyumbani. Mimi nadhani swali hilo limekaa vibaya. Wa kuulizwa ni yule mpiga kura wa Pemba aliyechagua chama cha tatu, pengine kwa sababu hakuwataka hao wawili. Baada ya siku chache kura yake ilikuwa imegawanywa kwa wale wale wawili, na hakuna aliyemwuliza. Shamte hakumwuliza, na Ali Sharif naye hakumwuliza.

Juni walijirekebisha kidogo: Hizbu na ZPPP waliungana mapema, kabla ya kura. Lakini sumu ilikuwa imeshaingia. Siku ya uchaguzi ugomvi ulianzia vituoni mjini, ukaenea mashamba, watu 68 wakafa. Matokeo: ASP 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Safari hii watatu walikwenda pamoja, Shamte akawa Waziri Kiongozi. Julai 1963 muungano wao ukashinda tena kwa viti 18 dhidi ya 13 vya ASP, ingawa ASP ilikuwa na zaidi ya nusu ya kura zote. Uhuru ukaja Desemba 10, 1963. Mapinduzi yakaja Januari 12, 1964. Sisemi mtu mmoja kuhama ndiko kulikoleta yote hayo. Nasema hesabu za viti zilizofungwa bila wenye kura hazikumtuliza mtu.

Leo Katiba yetu imeziba sehemu ya tundu hilo: mbunge akihama chama, kiti anakiacha. Ugomvi wa kuungana lakini haujaisha. Mwaka 2015 UKAWA ilipompokea Lowassa, Dk. Slaa aliiacha Chadema na Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Mwaka uliofuata Lipumba akataka kurudi kitini, chama kikagawanyika. Machi 2019 Mahakama Kuu ilipomtambua yeye, Maalim Seif alihamia ACT-Wazalendo, na matawi ya CUF visiwani yakabadilishwa rangi usiku na mchana. Tofauti na 1961 ni kwamba wafuasi wake walishusha tanga na kupandisha jingine pamoja naye. Walijua wanakwenda wapi.

Kwa hiyo mgombea akija Mkange kuomba kura, akishamaliza habari za maji na barabara, tumwulize na hili: chama chako kisipopata wingi utakaa na nani, na nani hutakaa naye kabisa? Ajibu pale pale, mbele za watu, kura yetu ikiwa bado iko mkononi mwetu.