Ngome ya Sofala Ilitekwa na Bahari

Mwaka 1505 Wareno walitia nanga Sofala, katika nchi jirani ya Msumbiji, wakajenga ngome. Shabaha yao ilikuwa dhahabu ya bara, ambayo kwa karne nyingi ilipitia bandari hiyo kwenda Kilwa. Ngome ile iliwaogofya watu, lakini bahari haikuogopa mizinga.

Pwani ya Sofala ni tambarare ya mchanga na matope yaletwayo na mito. Mawimbi yanayoipiga kwa mshazari huchota mchanga mahali pamoja na kuutua pengine. Polepole bahari iliila nchi kavu hata ikaifikia misingi ya ngome. Kuta ziliporomoka, na baadhi ya mawe yakachukuliwa kujengea kanisa kuu la Beira.

Mji huo wa Beira, ulioanzishwa na Wareno mwaka 1887, uko kaskazini ya Sofala, penye mlango wa mto Pungwe. Wakoloni walitaka bandari na reli ya kwenda Rhodesia. Kwamba ardhi yenyewe ni ya chini, yenye vinamasi, hawakujali. Maji ya bamvua hapo hupanda zaidi ya mita 6. Baadaye zilijengwa kuta fupi kutoka ufukoni kuingia baharini, ili zinase mchanga. Lakini ukuta wa namna hiyo hulisha upande mmoja na kuunyima upande wa pili.

Usiku wa tarehe 14 Machi, 2019, Kimbunga Idai kiliupiga mji huo. Katika Msumbiji peke yake watu zaidi ya 600 walipoteza maisha. Tanzania ilipeleka dawa na chakula kwa majirani waliofikwa na msiba, na dawa zikasafirishwa kwa ndege ya Jeshi.

Hata kabla ya kimbunga hicho, Beira ilikuwa imeanza kujifunza. Mto Chiveve, unaopita katikati ya mji, ulisafishwa, ukawekewa milango ya kuzuia maji ya bahari, na mikoko ikapandwa. Mizizi ya mikoko hushika matope na kuvunja nguvu za mawimbi.

Ndugu askari, mkoko na mchanga wa ufukoni ni walinzi wa mstari wa mbele. Anayekata mikoko bila kibali, au kuchota mchanga kwa magendo usiku, anabomoa handaki letu sote. Askari wa doria anayemzuia mtu huyo analinda mpaka wa nchi, sawasawa na mwenzake aliyeshika bunduki.