Hela, Pesa na Faranga: Historia ya Mwambao Wetu Ndani ya Sarafu



Ndugu wasomaji, mara hii tumeweka kando kidogo masomo tuliyozoea ili tuzungumze kuhusu sarafu. Mtoto akitumwa dukani hapa Kabezi ataambiwa achukue hela, au pesa, au faranga, kutegemea nani anamtuma. Jirani anayesema Kirundi atamwambia mwanawe achukue amahera au amafaranga. Watu wengi tuliowauliza walidhani haya ni maneno ya asili, yalikuwepo tangu enzi za mababu. Kumbe kila moja ni jina la sarafu iliyowahi kushikwa mkononi, na baadhi ya sarafu hizo bado zimo katika makopo na masanduku ya wazee wetu, kuanzia hapa mpaka Rumonge na Nyanza-Lac. Tangu wanafunzi waanze kuzileta madrasa, tumejifunza sisi walimu kama wao.

Kabla ya sarafu, biashara ya ziwa hili ilikwenda kwa nguo, chumvi, shaba na shanga. Pale Ujiji, soko kubwa la ng'ambo yetu, zilitumika shanga zilizoitwa sofi, zinazofanana na vipande vya kiko kilichovunjika. Mwingereza Cameron, aliyefika huko mwaka 1874, aliwakuta watu ambao kazi yao ilikuwa kubadilisha. Soko likianza, anayekuja kununua anabadilishana nao na kupewa sofi. Soko likikaribia kufungwa, wauzaji nao wanawarudishia sofi. Wabadilishaji wanapata faida pande zote mbili! Hata Livingstone na Stanley, waliolala Mugere, jirani na sisi, mwezi Novemba 1871, pale penye jiwe lililochongwa majina yao, walisafiri na mizigo ya nguo na shanga. Bila hiyo usingepata chakula wala kulipa hongo kwa wenye nchi.

Sasa tuje kwenye sarafu iliyotushangaza kuliko zote. Ni ya shaba, ndogo, nyeusi kwa uzee. Upande mmoja ina tai wa Kijerumani na jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Upande wa pili hauna herufi hata moja ya kizungu: una maneno ya Kiarabu yanayotaja shirika la Kijerumani, na chini yake mwaka 1307. Mwaka huo ni wa Hijria. Ukitaka kuukadiria kwa Miladia, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622, na utafika kwenye miezi ya mwisho ya 1889. Na kweli upande wa tai umeandikwa 1890, kwa kuwa mwaka 1307 ulianza Agosti 1889 ukaisha Agosti 1890. Hii ndiyo pesa yenyewe, jina lililotoka Bara Hindi, na 64 zilifanya rupia moja.

Kwa nini Wajerumani waandike Kiarabu? Kwa sababu wafanyabiashara wa pwani na wa njia za misafara walisoma na kuandika mahesabu yao kwa herufi hizo. Sultani Barghash bin Said wa Unguja alikuwa ametoa pesa zake za shaba mwaka 1299, yaani 1882, zenye picha ya mizani. Na karne nyingi kabla yake masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao kwa Kiarabu. Watu walikwisha zoea. Angalieni pia jambo hili: rupia ya fedha ya kampuni hiyo ina sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia yenye tai, na maneno yake ni ya Kilatini. Kiarabu kiliwekwa kwenye sarafu ndogo, ile inayonunua samaki na muhogo. Kwa maoni yetu hapo kuna ushahidi mkubwa kuliko hotuba nyingi kwamba watu wa kawaida sokoni walikuwa wasomaji. Mtoto wa hapa anayeambiwa kwamba babu zake hawakujua kusoma mpaka zilipokuja shule za wakoloni, apewe hiyo pesa aishike.

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilibadili hesabu. Rupia ikagawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64, na Kiarabu kikaondolewa. Heller ndiyo hela yetu, na ndiyo amahera ya Kirundi. Utawala wa Wajerumani uliondoka Burundi mwaka 1916, lakini neno lao linatumika mpaka leo hata na mtu asiyejua lolote kuhusu Ujerumani.

(Mwanafunzi mmoja aliuliza kama rupia za fedha zina zaka. Swali zuri. Rupia moja ina uzito wa gramu 11.66, na fedha safi ndani yake ni karibu gramu 10.7. Kwa wanaokadiria nisabu ya fedha kuwa gramu 595, zinahitajika rupia 56. Hakuna aliyetuletea zaidi ya tatu, basi tumestarehe.)

Vita vya 1914 vilipofunga bahari, Wajerumani wakaishiwa sarafu. Mwaka 1916 walizipiga wenyewe Tabora, katika karakana ya reli: hela 20 na hela 5 kutokana na mabaki ya shaba na maganda ya mizinga, tena kwa haraka, ndiyo maana nyingine zimekaa vibaya kabisa. Walipiga pia rupia 15 za dhahabu zenye tembo na mlima. Mtu akikuletea hiyo ya dhahabu kukuuzia, uwe na tahadhari, za bandia ni nyingi.

Wabelgiji walipoingia, faranga ya Kongo ikawa fedha ya upande wetu, na kuanzia 1921 ng'ambo ya Kigoma ikatumia shilingi. Ziwa moja, fedha mbili, na mvuvi alilazimika kujua zote. Ya mwaka 1943 ni nzuri sana: faranga 2, ina pembe sita na tembo. Ilipigwa Marekani, mjini Philadelphia, kwa kuwa Ubelgiji yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Ya 1952 ina majina ya Kongo na Ruanda-Urundi, na mchikichi. Kwa watu wa Rumonge, wanaoishi kwa mawese, mti huo hauhitaji maelezo.

Baada ya uhuru wa Kongo mwaka 1960 ilitolewa faranga ya Rwanda na Burundi kwa pamoja, yenye simba. Mwaka 1964 nchi hizi mbili zikatenganisha fedha zao. Mwaka 1965 ikatoka faranga ya Ufalme wa Burundi, na tarehe 28 Novemba 1966 ufalme wenyewe ukaondolewa.

Kisha kuna sarafu ambazo hazikuwahi kuwa fedha ya Burundi, nazo ni nyingi kuliko tulivyotarajia: senti 20 zenye mbuni, senti 50 zenye sungura, shilingi zenye sura ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 1972 watu wengi sana wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbilia Tanzania, na wengine hawakurudi mpaka miaka ya 2000. Watoto wanazileta wakicheka kwa sababu ya sungura. Tukiwatuma warudi kuuliza zimetoka wapi, hurudi wametulia. Wazazi, tunawaomba msichoke kuulizwa, na asiyetaka kueleza tusimlazimishe.

Fedha hufa pia katika zama zetu. Mwezi Juni 2023 Benki Kuu ilitoa siku kumi tu za kurudisha noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000. Aliyekuwa ameficha zake nyumbani na hakupata habari mapema alibaki na karatasi.

Mwisho, kuhusu utunzaji. Msisugue sarafu kwa mchanga, majivu wala ndimu ili zing'ae, maana maandishi yanafutika. Ifungeni kila moja katika karatasi iliyoandikwa jina la aliyeitoa, kijiji chake, na namna alivyoipata. Ile ya Ufalme ya mwaka 1965 hatujaiona hata moja. Mwenye nayo atuonyeshe tu tuisome na wanafunzi mbele yake, kisha aondoke nayo.